Vijisanamu vya Warhammer vya utotoni: rangi ya zamani inatokaje?

Swali: Wakuu, ni vya mchezo wa mezani wa Warhammer, vya plastiki, milimita 28, vimepakwa rangi nene mpaka macho hayaonekani. Nivisafishe na nini? Na vikopo vya rangi vya zamani bado vinafaa?

Jibu 1: Asetoni na thina weka mbali kabisa; hiyo plastiki ni polistireni, itayeyuka. Loweka kwenye alkoholi ya isopropili saa chache, chombo kikiwa na kifuniko, madirisha wazi, kisha sugua na mswaki mkuukuu. Kwenye mikunjo ya nguo tumia kijiti cha meno. Kijisanamu cha resini (plastiki ya kumimina) kijaribu kwanza chini ya mguu wake.

Jibu 2: Rangi iliyoganda kama mpira, tupa. Citadel, chapa ya rangi za vijisanamu hivi, walibadilisha majina ya rangi zao 2012, kwa hiyo Chaos Black uliyoizoea sasa itafute kama Abaddon Black.

Jibu 3: Wengi huharibu kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 30, kidogo kidogo. Ukiwa mbali mno inakaukia hewani, inatua kama vumbi na uso unakwaruza kama msasa. Siku ya unyevunyevu ahirisha. Halafu tone la rangi kwa tone la maji, tabaka mbili. Jaribu kwenye ukucha: ikitiririka, maji yamezidi.

Muulizaji: Shukrani, wakuu. Thina nairudisha stoo.