Nimepata kazi ya kufundisha bendi ya shule, watoto wamenigomea. Naombeni ushauri

Sauti ya Kihonda (mleta uzi)
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni kijana, nina stashahada ya sanaa, upande wa muziki. Nimesota sana mtaani, leo kinanda kwenye kwaya, kesho kwenye harusi ya watu. Mwezi huu Mungu kasaidia nimepata kazi shule moja ya binafsi hapa Morogoro, nafundisha bendi. Mshahara si haba na chumba nimepewa.

Shida ni watoto. Nikisema tuanze skeli (do mpaka do) wanapuliza ovyo makusudi. Jana binti wa ngoma kubwa, yuko darasa la sita, kaniwekea virungu vyake mkononi, "Piga mwenyewe mwalimu," akaenda kukaa chini ya mwembe. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nikabaki na kijana wa simbali, na huyo nadhani alibaki kwa kuwa hakuona wenzake wanaondoka.

Mahafali ya darasa la saba ni mwisho wa mwezi. Mkuu wa shule anataka bendi iongoze maandamano kutoka getini, halafu wimbo wa taifa na wimbo wa shule. Nifanyeje wanisikilize?

Mkwaju Mbichi
Jibu liko kwenye jina langu.

Mwalimu Mstahiki
@Mkwaju Mbichi usimpoteze mwenzio. Kanuni ziko wazi, kiboko ni mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Mwalimu mgeni ukianza na fimbo wiki ya kwanza umejimaliza.

Mama Pacha
Mwanangu, watoto wa siku hizi wamelelewa na simu. Sisi Tabora tulikuwa tunaamka na mchakamchaka, ngoma ikilia unajipanga mwenyewe bila kuitwa. Tulikuwa na kaka mmoja mpiga tarumbeta, akipuliza la jioni hata wapishi wanatoka jikoni. Aliishia kuoa rafiki yangu na tarumbeta akaliacha, nilimchukia sana. Lakini nachotaka kusema ni hiki, ada za shule za binafsi ni kubwa mno, na hiyo bendi lazima wazazi wanachangishwa pembeni. Mnachangisha shilingi ngapi?

Pistoni ya Tatu
Mleta uzi, niulize kitu cha kazi. Huo wimbo wa taifa umeuweka ufunguo gani, yaani do yako iko kwenye nota ipi?

Sauti ya Kihonda
G. Ndio nilivyozoea kwenye kinanda, na kwaya zote nilizopitia zinauimba hapo.

Pistoni ya Tatu
Basi nusu ya mgomo wako ni huo. Tarumbeta ni chombo cha B flati, mtoto akipuliza C yake kwenye kinanda inasikika B flati. Ukimpa wimbo wa G anatakiwa apige A, shapu tatu, yaani nota tatu za kupandishwa nusu sauti. Saksafoni alto ndio kabisa, inamwangukia E, shapu nne. Mtoto wa darasa la tano! Peleka wimbo B flati. Tarumbeta watapiga C, alto watapiga G, tromboni wanabaki na B flati yao. Utaona sura zinabadilika siku hiyo hiyo.

Pili, usiwape mdomo wa tarumbeta watoto wanaong'oka meno ya mbele. Wape ngoma mpaka ya ukubwani yaote. Tatu, kama wamezoea kuandikiwa d r m (do re mi) ubaoni, waandikie d r m. Nota za mistari utawafundisha baada ya mahafali. Sisi kwenye tarumbeta za usharika kule Machame wazee wetu walianza hivyo hivyo.

Ila umesema wanapuliza ovyo MAKUSUDI. Mtoto asiyejua hawezi kukosea makusudi. Hao wanajua. Nani aliwafundisha?

Sauti ya Kihonda
Nashukuru sana kwa hilo la B flati, kesho najaribu. Kulikuwa na mzee fulani alikuwa anasaidia-saidia. Tuendelee na hoja.

Wakili wa Uswazi
Anasaidia-saidia mpaka binti wa darasa la sita ana virungu vyake? Mzee yuko wapi sasa hivi?

Mama Pacha
Na mimi nimeliona hilo. Sema ukweli mwanangu, huwezi kwenda kwa mganga ukaficha kidonda.

Sauti ya Kihonda
Sawa, ngoja niseme ili tusipotezeane muda. Mzee ni mstaafu wa bendi ya jeshi. Amefundisha pale miaka mingi bila mkataba, alikuwa anapewa posho ikipatikana. Shule imekua, inataka mtu mwenye cheti. Aliyemwondoa ni mkuu wa shule, SIO MIMI. Mimi niliomba kazi nikaitwa kwenye usaili kama mtu mwingine yeyote.

Anakaa nyuma ya shule. Jioni tukiwa mazoezini anatoa kigoda chake anakaa nje ya uzio, haongei. Watoto wakimwona wanapiga kelele "Shikamoo babu!" wote kwa pamoja, na hapo ndio siku yangu imeisha.

Wakili wa Uswazi
Na vyombo ni vya nani?

Mkwaju Mbichi
Kimya cha dakika arobaini. Mwamba anatafuta jibu.

Sauti ya Kihonda
Nilikuwa darasani wakuu, nina kazi. Vyombo vingi alikuja navyo yeye. Lakini viko stoo ya shule miaka yote, na shule ndiyo imekuwa ikinunua mafuta ya pistoni (vile vitufe vya kubonyeza vya tarumbeta) na kuziba ngozi za ngoma. Kwa hiyo ni vya wote. Nimemshauri mkuu tubadilishe kufuli la stoo kwa usalama tu, maana mzee alikuwa na ufunguo. Na kuna fundi wa Kariakoo nimeongea naye, anachukua tuba (lile dude kubwa la besi) na tarumbeta mbili kuukuu anatupa kinanda kipya. Hakuna mtoto anayeweza kubeba ile tuba, inakula nafasi bure. Sioni kosa hapo. Naboresha idara.

Wakili wa Uswazi
Unauza mali ya mtu unaita kuboresha idara. Kitu kulala stoo kwako hakukifanyi kiwe chako, na mafuta ya pistoni hayanunui tarumbeta. Huyo mzee akipata mtu wa kumwelekeza anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kuachishwa, siku 30 za kupeleka malalamiko hazijaisha. Posho ya miaka yote hiyo wakiiona ni ajira, shule itahema. Vyombo anakwenda polisi, tena huko jina litakalotajwa ni la aliyezungumza na fundi. Na wewe uliyeanza juzi, sheria ya ajira ya 2004 haikulindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki ukiwa chini ya miezi 6 kazini. Mkuu wa shule atakutoa wewe kafara. Mkataba wa maandishi unao?

Sauti ya Kihonda
Nimeambiwa unaandaliwa.

Mkwaju Mbichi
😂😂😂 Kumbe na wewe ni "anasaidia-saidia".

Mwalimu Mstahiki
Nilipoanza kazi Kasulu nilimkuta mwalimu mkongwe wa hesabu, mkali, hataki mtu. Nikawa nambebea madaftari yake mpaka nyumbani kila siku. Mke wake ndiye aliyenizoea kwanza, kwa sababu ya ile migebuka niliyokuwa naleta nikitoka Kigoma. Siku hizi watoto wangu wanamwita babu. Sijui kama inasaidia, nimekumbuka tu.

Ngosha Mdadisi
Wakuu mnatwanga maji. Nimepitia nyuzi za huyu ndugu. Mwaka jana alikuwa anauliza soko la vifaranga Dodoma, "mimi mfugaji mzoefu". Kabla ya hapo aliomba ushauri mke wake kakimbia, leo ni kijana anapewa chumba shuleni. Ni mtunzi huyu, anatafuta visa. Kigoda nje ya uzio, binti chini ya mwembe, hayo ni maigizo ya redio.

Mama Pacha
Jamani! Na mimi nimemwombea.

Sauti ya Kihonda
Vifaranga nilifuga kweli, vilikufa na kideri. Mke alirudi na akaondoka tena, hayo hayahusiani. Mtu haruhusiwi kubadilisha kazi?

Ngosha Mdadisi
Taja shule.

Sauti ya Kihonda
Nitaje nifukuzwe?

Pistoni ya Tatu
Tulieni. Kuna njia rahisi ya kumjua mtunzi. Mleta uzi, mtoto amechomoa pistoni zote tatu za tarumbeta kuzisafisha, amezirudisha, sasa anapuliza hewa haipiti, kama chupa imezibwa. Shida nini?

Sauti ya Kihonda
Amezichanganya. Kila pistoni ina namba yake, 1 inakaa karibu na mdomo wa mpigaji. Matundu ya ndani hayalingani, ukiweka ya 1 kwenye nyumba ya 3 hewa inagonga ukuta. Kuna tarumbeta moja pale namba zimefutika kwa kusuguliwa, mzee ameweka nukta za rangi ya kucha nyekundu, moja, mbili, tatu, kwenye pistoni na chini kwenye kifuniko. Na mtoto hapaswi kuosha tarumbeta na maji ya moto, rangi ya nje inababuka.

Pistoni ya Tatu
Huyu anashika chombo. Kama kuna uongo, hauko kwenye tarumbeta.

Ila ndugu, mtu aliyekaa akaweka nukta za rangi ya kucha ili mtoto wa darasa la nne asichanganyikiwe, unamwekea kufuli? Jioni ya leo vuka uzio. Chukua sukari kilo mbili na hiyo tarumbeta, msalimie, mwambie wimbo uko B flati, akusikilizie kama sauti zimekaa. Usimpe maelezo ya cheti. Halafu mwambie mkuu wa shule mahafali mzee awepo, hata kama ni kushika fimbo ya kuongoza wimbo mmoja.

Sauti ya Kihonda
Kwenda nitakwenda. Lakini akija mahafali watu watajua bendi ni yake, na mimi ndio niko kwenye majaribio. Mgeni rasmi atanionaje? Na kufuli nalo lilishanunuliwa.

Wakili wa Uswazi
Hujasikia hata neno moja.

Ngosha Mdadisi
Bado nasema ni mfuga vifaranga.

Mwalimu Mstahiki
Kideri kina chanjo lakini, ungechanja mapema. Iko ya kuweka kwenye maji ya kunywa, ni bei ndogo tu.

Kijana wa Msamvu
Nimechelewa uzi. Hao watoto mnawakodisha? Dada yangu ana sendofu mwezi ujao, tunataka matarumbeta ya kuingilia ukumbini.

Fundi Bati
Mkuu mimi nina swali dogo. Ile tuba fundi wa Kariakoo kaipangia bei gani?

Sauti ya Kihonda
@Fundi Bati njoo PM.