Kufunga gati kwenye kituo kinachozunguka: Elite, Frontier na Orbiter

Mwana wa Raskazone aliuliza:

Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu hamjambo. Ninaandika kutoka Tanga, na nina swali ambalo limenikosesha usingizi kwa wiki kadhaa.

Marehemu mjomba wangu aliacha kompyuta ya zamani yenye michezo aliyoipenda tangu ujana wake. Mmojawapo ni Elite, mchezo wa safari na biashara za angani ambao David Braben na Ian Bell waliutunga kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro na kuutoa mwaka 1984. Mjomba alikuwa na toleo la DOS, nami nimelihamishia kwenye kompyuta mpakato yangu na ninaliendesha kwa DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS. Nimeupenda kupita nilivyotarajia. Kwamba kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 iliweza kubeba galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256 zenye majina, serikali na bei zake, ni jambo linalonishangaza kila ninapofungua ramani.

Biashara nimeielewa: ninanunua chakula kwenye sayari ya Lave, ninakwenda kukiuza kwenye sayari ya Zaonce, kisha ninarudi na shehena ya kompyuta. Kupambana na maharamia nako ninajitahidi. Kinachonishinda ni kufunga gati, yaani kukiingiza chombo changu ndani ya kituo cha angani. Kituo kinazunguka, mlango wake ni mwembamba kama mwanya wa sanduku la barua, na kila nikiukaribia ninakuta umekwisha kugeuka, nikajibamiza ukutani na safari ikaishia hapo. Kwa kuwa mchezo hauwezi kuhifadhiwa ila ukiwa ndani ya kituo, ajali moja hufuta kazi yote. Juzi nilikuwa nimeshafika mbele ya mlango wa Zaonce na shehena niliyoihangaikia jioni nzima, umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani.

Ninajua kuna kompyuta ya kufunga gati inayouzwa krediti 1,500 (fedha za mchezo), lakini mtu huanza na krediti 100, nami hadi sasa sijafika hata 400. Hata kama ningekuwa nazo, ningependa kwanza niijue kazi hiyo kwa mikono yangu. Jostiki ya mjomba imeliwa na kutu ya hewa ya bahari, kwa hiyo ninatumia kibodi tu. Je, kosa langu liko wapi? Na ninyi mnaocheza Frontier na Orbiter, ambazo nazo ni za safari za angani, ujuzi huu unafaa huko pia, au mtu huanza upya?

Mzee wa Chuda alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mjomba. Umefanya vizuri kuutunza mchezo wake.

Kabla hujajilaumu, tazama kwanza kasi ya DOSBox. Michezo mingi ya miaka ile ilitungwa ikitegemea mwendo wa prosesa za wakati huo, kwa hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta yenye nguvu bila kuizuia, kila kitu huenda mbio. Wing Commander ya mwaka 1990 inajulikana sana kwa tabia hiyo, kwani vita humalizika kabla mchezaji hajajua adui yuko upande gani. Shikilia Ctrl ubonyeze F11, na DOSBox itapunguza kasi. F12 huirudisha juu. Endelea kupunguza hadi uone kituo kinazunguka kwa utulivu kiasi cha kuweza kuhesabu moja, mbili, tatu huku ukikitazama. Nina hakika sehemu kubwa ya shida yako iko hapo.

Sehemu iliyobaki ni mahali unapoanzia. Wengi wetu tulipoanza tulikuwa tukikiona kituo tunakiendea moja kwa moja kutoka pale tulipo, na hilo ndilo linalokufikisha mlangoni ukiwa umekaa upande. Kumbuka kwamba mlango wa kituo daima huelekea kwenye sayari. Ukiisha kuona herufi S kwenye dashibodi, dira yako huacha kuonyesha sayari na kuanza kuonyesha kituo. Wakati huo kipite kituo kwa pembeni, uende upande wa sayari, usogee mbali kiasi cha kukiona kituo kizima kikiwa kidogo mbele yako, ndipo ugeuke na kukitazama. Sasa uko kwenye mstari unaotoka sayari hadi mlangoni, na mlango unauona katikati ya uso wa kituo. Ikiwa hauko katikati, usisogee mbele hata kidogo. Jirekebishe kwanza, kwa sababu kosa la mbali hurekebishika kwa kugusa kibodi mara moja, ilhali kosa la karibu halirekebishiki.

Kisha nenda polepole, alama ya shabaha ikiwa juu ya kitovu cha mlango. Usianze kuzunguka na kituo ukiwa mbali, maana utachoka na utapotea mstari. Ngoja hadi mlango ujaze sehemu kubwa ya kioo, ndipo uanze kukiviringisha chombo taratibu kuelekea upande ule ule ambao kituo kinazungukia, hadi uuone mlango umelala mlalo na hauchezi tena. Hapo unaingia. Tena Elite ina huruma moja ambayo anga halisi haina: ukipunguza mwendo, chombo hupungua mwendo papo hapo, kwa hiyo ukiona mambo yameharibika unaweza kusimama, ukageuka na kuanza upya.

Kuhusu jostiki usihuzunike. Kibodi inatosha kabisa kwa Elite, na kwa kufunga gati mimi naipendelea kwa sababu mguso mmoja mfupi ni mguso mmoja mfupi, wakati jostiki iliyochakaa huvuta upande yenyewe.

Mwana Pangani alijibu:

Shikamoo Mzee wa Chuda, na karibu ndugu yangu wa Raskazone.

Nimelelewa na babu aliyekuwa nahodha wa jahazi, na nilipoanza kucheza michezo hii nilimkumbuka yeye kila nilipogonga kituo. Kuingia mtoni Pangani hakukuwa jambo la kukurupuka: pale mlangoni pana fungu la mchanga, kwa hiyo nahodha husubiri maji yajae, hushusha tanga mapema, na chombo huingia kwa mwendo uliobaki ndani yake. Babu alikuwa akisema chombo hakisimamishwi gatini, husimamishwa kilipokuwa bado mbali. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha Frontier.

Ninasema hivyo kwa sababu Frontier, iliyotoka mwaka 1993 ikiwa mchezo wa pili katika mfululizo wa Elite, ni ya tabia nyingine kabisa. Humo sheria za mwendo za Newton zinafanya kazi kikamilifu. Ukiwasha injini unaongeza mwendo, na ukiizima mwendo haupungui, unabaki nao hadi uwashe injini upande wa pili. Injini kubwa iko nyuma na zile za breki ni dhaifu kuliko hiyo, kwa hiyo katika safari ndefu mtu husukuma hadi katikati ya njia, kisha anakigeuza chombo, tezi (sehemu ya nyuma) ikatangulia, na nusu ya safari iliyobaki anaitumia kupunguza mwendo. Mara ya kwanza nilipokwenda bila rubani wa kujiendesha nilikipita kituo kwa kasi ambayo hata sikukiona. Nilikuwa nimekumbuka kupunguza mwendo wakati niliokiona kituo, na wakati huo ulikuwa umechelewa sana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba mkono wa kulinganisha mzunguko utakusaidia, maana vituo vya Frontier vinavyoelea angani navyo huzunguka, lakini mazoea ya kusimama papo hapo itabidi uyasahau. Jambo jingine ni kwamba huko lazima uwasiliane na kituo na kupewa ruhusa kabla ya kuingia. Watu wengi waliozoea Elite husahau.

Mwalimu wa Fizikia, Tanga alijibu:

Nimefurahi kuona mazungumzo haya, kwa sababu Orbiter ndiyo ninayoitumia ninapotaka wanafunzi wa kidato cha tano waone kile ambacho ubaoni hakionekani. Programu hii ilianza kutolewa bure mwaka 2000 na Martin Schweiger wa chuo kikuu cha University College London, na tangu mwaka 2021 hata msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Haina maharamia wala biashara. Ina Dunia, Mwezi, sayari, vyombo vichache, na hesabu sahihi za mvutano, na kwangu mimi hivyo vinatosha kabisa.

Ndugu wa Raskazone, ukiingia Orbiter utagundua kwamba mlango ni tatizo dogo, na tatizo kubwa ni kukifikia kituo chenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Angani kiko kilomita 400 hivi juu yetu, kinakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde na kuizunguka Dunia kwa dakika 92 hivi. Tuseme uko kwenye njia ile ile, nyuma yake kwa kilomita chache. Akili ya kawaida itakuambia usukume mbele ili ukifikie, lakini ukisukuma mbele njia yako inapanda, mzunguko wako unakuwa mrefu zaidi, na baada ya muda unajikuta umeachwa nyuma zaidi ya ulivyokuwa. Anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza mwendo, akashuka kwenye njia ya chini iliyo fupi na yenye haraka, na baadaye akapanda tena kukutana naye.

Hili si la kwenye mchezo tu. Juni 1965 James McDivitt, akiwa katika chombo cha Gemini 4, alijaribu kuisogelea sehemu ya roketi iliyokuwa imewapeleka angani kwa kukielekeza chombo kwake na kusukuma, na kila alivyosukuma mambo yalizidi kuwa mabaya, mafuta yakapungua na zoezi likaachwa. Vyombo viwili vilifanikiwa kuunganishwa angani kwa mara ya kwanza tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott walipokipeleka chombo cha Gemini 8 kwenye Agena, chombo kisicho na watu. Na hata hapo, muda mfupi baadaye injini moja ndogo ilikwama ikiwa wazi, chombo kikaanza kuzunguka hadi karibu mzunguko mmoja kwa sekunde, wakalazimika kurudi duniani mapema. Ninapowaeleza wanafunzi habari hiyo, kisha nikawapa Orbiter wajaribu wenyewe, darasa zima hunyamaza.

Kwa mkono wenyewe wa kufunga gati, jambo la kujifunza kwanza ni kutofautisha injini ndogo zinazokigeuza chombo na zile zinazokisogeza kushoto, kulia, juu na chini bila kukigeuza. Katika Elite chombo huenda kule omo (sehemu ya mbele) inakoelekea, basi. Katika Orbiter unaweza kuitazama gati huku ukiteleza pembeni, na asiyelijua hilo hujirekebisha kwa kugeuza omo na kuharibu kila kitu. Zima kwanza mzunguko wote kwa kitufe cha 5 kilicho upande wa namba, kisha ondoa utelezi wa pembeni, na mwisho kabisa sogea mbele. Mimi katika mita za mwisho hujizuia nisizidi sentimita kumi kwa sekunde. Na ukitaka kuona kama mafunzo ya Elite yamekuingia, nenda kwenye Luna-OB1, kituo cha umbo la gurudumu kinachouzunguka Mwezi ndani ya Orbiter. Gati zake ziko kwenye kitovu, nacho chenyewe kinazunguka, kwa hiyo itakubidi ukiviringishe chombo sambamba nacho kama Mzee wa Chuda alivyokueleza.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa sisi ni watu wa pwani hii. Kaskazini yetu, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Iliitwa Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Karibu na ikweta mzunguko wa Dunia hukupa mita 460 na ushee kwa sekunde kabla hujawasha injini, na katika Orbiter unaweza kuandika faili dogo la maandishi ukaweka kituo chako cha kurushia mahali hapo. Wanafunzi wangu walikiweka Raskazone.

Mwana wa Raskazone alirudi:

Ninawashukuru nyote, na Mwalimu, nimefurahi mno kusikia kwamba mtaa wetu una kituo cha kurushia.

Mzee wangu, uliyosema ni kweli. Nilipunguza kasi ya DOSBox hadi kituo kikawa kinageuka kama pangaboi linalotaka kusimama, na papo hapo nikaelewa kwamba wiki zote hizi nilikuwa nikipigana na prosesa. Jana usiku nilikwenda upande wa sayari, nikageuka, nikasubiri. Mara ya kwanza niliviringisha mapema nikapotea mstari, lakini nilisimama, nikarudi nyuma na kuanza tena, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kabla ya kusoma jibu lako. Katika safari saba nimeingia mara tano. Ile ya mwisho mlango ulipolala mlalo na kutulia mbele yangu, nilimkumbuka mjomba, kwa sababu nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona amekaa vilevile, ameinamia kioo na hapumui.

Mwana Pangani, maneno ya babu yako nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika juu ya meza. Frontier nitaianza mwezi ujao.

Sasa nina krediti 612. Ninaona kuna nafasi kubwa ya shehena inayouzwa krediti 400, itakayonitoa kwenye tani 20 hadi 35. Niinunue, au niendelee kuweka akiba kwa ajili ya kompyuta ya kufunga gati?

Mzee wa Chuda alijibu:

Hongera sana mwanangu. Nunua nafasi ya shehena, maana kompyuta ya kufunga gati huihitaji tena, na tani 15 za nyongeza zitarudisha fedha hiyo katika safari chache. Ila krediti 212 zitakazobaki hazitoshi kujaza tani zote 35 kwa bidhaa za bei kubwa, kwa hiyo safari ya kwanza beba chakula. Na hifadhi mchezo sasa hivi, kabla umeme haujakatika.