Mjadala: Je, Marlins walikosea kumpa Adam Greenberg zamu moja mwaka 2012?

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili kama Miami Marlins walitenda haki walipomwita Adam Greenberg apige mpira mara moja tu, tarehe 2 Oktoba 2012, au waliigeuza Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani kuwa uwanja wa maonyesho.

Greenberg alikuwa mchezaji wa nje, yaani mmoja wa watatu wanaolinda sehemu ya nyuma ya uwanja, na Chicago Cubs walimpandisha ligi kuu akiwa na miaka 24. Tarehe 9 Julai 2005, katika mchezo uliochezwa Miami, aliingizwa awamu ya tisa kupiga kwa niaba ya mwenzake. Mpira wa kwanza kurushiwa, kutoka kwa Valerio de los Santos, ulikuja kwa kasi ya kilomita 148 hivi kwa saa ukamgonga nyuma ya sikio la kulia, akaanguka huku ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimwandama, Cubs wakamwacha mwaka uliofuata, naye akaendelea kuhangaika katika ligi za chini. Kwa kuwa kanuni haimhesabii mpigaji aliyegongwa na mpira kuwa amepiga, kumbukumbu zake za ligi kuu zilibaki na sifuri kwa miaka saba.

Wanaopinga wana hoja nzito, nami siidharau: nafasi ya ligi kuu hupatikana kwa jasho, wapo vijana wengi wanaozeeka ligi za chini bila kuitwa hata siku moja, na Cubs wenyewe hawakukubali ombi la kumrudisha apige zamu moja ingawa maelfu ya mashabiki walilitia saini. Tena Marlins walikuwa wakimaliza msimu mkiani mwa kundi lao, kwa hiyo ni kweli kwamba habari njema iliwafaa.

Hata hivyo, faida ya Marlins haiondoi haki ya Greenberg. Kwa kanuni za wakati ule, kuanzia Septemba timu iliruhusiwa kupanua kikosi hadi wachezaji 40, kwa hiyo benchi halikuwa finyu kama katikati ya msimu. Jambo kubwa zaidi kwangu ni kwamba ndani ya uwanja hakupendelewa hata kidogo. Aliposimama kupiga awamu ya sita, aliyemrushia alikuwa R.A. Dickey wa New York Mets, aliyeshinda michezo 20 msimu huo na baadaye kupewa tuzo ya Cy Young, yaani ya mrushaji bora wa msimu, na ambaye mpira wake wa kuyumbayumba uliwashinda hata wapigaji waliocheza kila siku. Mipira mitatu ikatosha kumtoa. Angerushiwa mpira laini ili augonge, ningekuwa wa kwanza kusema hayo ni maonyesho. Alishindwa kama mpigaji yeyote anavyoshindwa, na zamu ile ikaandikwa rasmi. Malipo yake ya siku hiyo aliyatoa kwa taasisi inayoshughulikia majeraha ya ubongo michezoni.

Kwa hiyo nawauliza mnaopinga: ikiwa zamu moja ilikuwa nyingi mno, mchezo ulipaswa kumlipa nini mtu aliyepoteza kazi yake kwa mpira ambao hata hakupata nafasi ya kuupiga?