Walipimaje kasi ya kitu kinachodondoka kabla ya stopwochi?

Mwl_Igoma
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Mwanza, juzi nimewapeleka watoto kwenye mwamba nyuma ya shule, urefu kama mita 5 hivi, mmoja anaachia jiwe wenzake chini wanabonyeza stopwochi za simu. Majibu yakaja sekunde 0.8, 1.1, 1.3, jiwe lile lile mwamba ule ule! Binti mmoja akaniuliza, mwalimu, kama simu inashindwa, hao wa zamani walipimaje? Nimemuahidi jibu Jumatatu, nisaidieni.

gololi
Mwalimu huyo binti ana akili sana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, hakulikimbiza jiwe, alilipunguza mwendo kwanza. Alichukua boriti ndefu akaichonga mfereji mwembamba ulionyooka, ndani akaulainisha kwa ngozi, akainua upande mmoja kidogo halafu akaviringisha gololi ya bronzi. Saa yake ilikuwa maji! Chombo kikubwa juu, mrija mwembamba chini, gololi ikianza maji yanaingia kwenye kikombe, ikifika mwisho unaziba, unapeleka kikombe kwenye mizani, uzito wa maji ndio muda wako. Ameieleza kwenye kitabu chake cha 1638. Muda ukiwa mara mbili umbali unakuwa mara nne. Azima mizani ya wanunuzi wa dhahabu, inatosha kabisa. Ila usitafute 9.8 hapo (ile namba ya mchapuko, yaani kasi ya kitu kinachodondoka inavyoongezeka kila sekunde), gololi inazunguka kwahiyo inachelewa kuliko kitu kinachoteleza, we tafuta uwiano tu.

Kirumba_mwaloni
Sio wote walipunguza mwendo mkuu. Padre Riccioli kule Bologna, Italia, alidondosha tufe kutoka mnara wa Asinelli, mita 97, akapima muda kwa pendula (kizito kinachoning'inia na kubembea) fupi inayobembea haraka, na ili aiamini pendula, Wajesuiti wenzake (watawa wa shirika lake) walikaa wakihesabu mibembeo saa 24 nzima. Matokeo yalitoka 1651.

fundi kapi
Msimsahau Atwood wa Cambridge, Uingereza, naye alipunguza mwendo, maelezo yake ni ya 1784. Kapi laini, uzi, vizito viwili sawa, havisogei. Weka chupa mbili za mchanga gramu 490 kila moja, upande mmoja ongeza gramu 20, hapo mchapuko unakuwa kama 1/50 tu ya ule wa jiwe lako, mita 1 inachukua sekunde 3 na kidogo, hata kidole cha mtoto kinawahi. Utamu wenyewe upo kwenye pete: kile kizito cha nyongeza kilikuwa kirefu kama kijiti, chupa ikipita kwenye pete kinabaki juu ya pete, kuanzia hapo kasi haibadiliki na unaipima kwa utulivu.

Mwl_Igoma
Asanteni sana wakuu. Leo tumefanya ya maji, ubao wa mita 2, ndoo ya lita 20 na mpira wa dripu, binti mwenyewe ndiye aliyekuwa anaziba na kuachia. Robo ya ubao maji gramu 7.1, ubao mzima gramu 14.4. Kesho natafuta kapi.