Kusi ni ile ile: mbona Somalia bahari inashiba na Unguja haina kitu?

Mwanamaji_Tumbatu
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, bahari ya Somalia inapoa, inageuka kijani na samaki wanajaa. Upande wa Unguja na Pemba, wakati huo huo, maji ya juu hayana nitrati ya maana, yaani mbolea ya vijimea (mimea midogo sana inayoelea). Kwa nini? Halafu sampuli za mita 150 nje ya Pemba zimetoa nitrati 12 na fosfati 1.6, maikromoli kwa lita. Uwiano ni 7.5, na vitabu vinasema 16. Maabara imekosea au bahari ndivyo ilivyo?

Chelezo
Mkuu, kinachotofautisha ni ikweta. Upepo ukikupiga mgongoni, kaskazini ya ikweta maji ya juu husogea kuliani kwako, kusini ya ikweta husogea kushotoni. Somalia kusi inaelekea kaskazini mashariki na nchi kavu iko kushoto. Maji ya moto yanasukumwa bahari kuu, na pengo linazibwa na maji ya baridi kutoka chini, yaliyojaa nitrati. Karibu na Ras Hafun joto hushuka chini ya nyuzi 20.

Unguja kushoto kwa kusi ndiko pwani. Maji ya moto, ambayo vijimea vimeshakula virutubishi vyake, yanarundikana ufukweni na kulisukuma lile tabaka la baridi chini zaidi. Ukitaka kuona maji yakipanda kwetu, tazama kaskazi, hasa Benki ya Kenya Kaskazini, eneo la kina kifupi nje ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Mkondo wa Somalia hushuka, unakutana na ule wa Pwani ya Afrika Mashariki, na yote miwili inageukia bahari kuu.

Kilindi_Kirefu
Nyongeza kwa Chelezo: maji ya chini nayo hayalingani, umri wake ndio unaoamua. Mabaki ya vijimea na vinyesi vya wadudu wa baharini huzama, bakteria wanavioza, na virutubishi vinabaki kilindini. Maji yaliyozama Atlantiki ya Kaskazini yana nitrati kama 20. Yakifika kilindi cha Pasifiki ya Kaskazini, baada ya takriban miaka 1000, yanazidi 40. Silika, inayojenga magamba ya daiatomu (aina ya vijimea), inapishana zaidi kwa sababu magamba hayo huyeyuka polepole, chini kabisa.

Wala wingi wa nitrati peke yake hautoshi. Bahari ya Kusini, kuizunguka Antaktika, ina nitrati tele juu kabisa lakini vijimea vichache, kwani chuma ni haba mno. Mwanasayansi wa bahari John Martin ndiye aliyeishikilia hoja hii, na mwaka 1993 chuma kilimwagwa kusini mwa visiwa vya Galápagos, Pasifiki karibu na ikweta, vijimea vikaongezeka kweli.

Maabara_ya_Pwani
Sasa uwiano. Bahari ya Arabu ina tabaka lisilo na oksijeni, ambako bakteria hutumia nitrati badala yake, kwa hiyo huko uwiano kuwa chini ya 16 si ajabu. Ila kushuka hadi 7.5 nje ya Pemba kunatia shaka. Kwa nitrati 12 ningetarajia fosfati kati ya 0.8 na 1. Chupa zilioshwa kwa nini, na ni za kioo au plastiki?

Mwanamaji_Tumbatu
Kioo, kwa sabuni ya maji, zikasuuzwa kwa maji ya bomba.

Maabara_ya_Pwani
Basi fosfati hizo usizitumie, na silika pia kama ilipimwa, maana kioo chenyewe kinatoa silika. Sabuni nyingi zina fosfati na inang'ang'ania ukutani mwa chupa. Tumia plastiki. Loweka usiku kucha kwenye asidi haidrokloriki ya asilimia 10, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha mara tatu kwa maji ya sampuli yenyewe. Chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45, jaza robo tatu tu, gandisha kwa nyuzi -20. Chupa ikijaa hadi mdomoni, barafu inasukuma maji ya chumvi nje kupitia kifuniko, na virutubishi vinaondoka nayo. Kwa silika, ikishayeyuka subiri saa 24 kabla ya kupima.

Nitrati 12 usiiamini bado. Pima miyeyusho ya naitriti na nitrati ya kiwango kimoja kupitia safu ya kadimiamu, ile inayogeuza nitrati kuwa naitriti ili ipimike. Nitrati ikisoma chini ya asilimia 95 ya naitriti, safu imechoka: ioshe kwa asidi hafifu, ipitishie salfeti ya shaba upya, kisha rudia sampuli.