Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani ikifika mezani, unaanzia wapi kabla ya umeme?

Mtunza_Mitambo
Wakuu, kila siku mtu anapata mashine ya miaka ya 80 au 90 iliyolala stoo, na cha kwanza anachomeka umeme aone kama inawaka. Hapo ndipo vitu vingi vinapopotea. Tuambizane: nini huharibika, kwa nini, na kipi kitangulie.

Naanza na kamera kabla ya bisibisi. Piga pande zote sita na lebo yenye modeli na namba ya mashine. Ukifungua, taa itoke ubavuni ili maandishi ya chipu yasomeke. Kila jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) na kila kebo ipigwe kabla ya kuguswa, mstari mwekundu wa kebo bapa uonekane uko upande gani. Lebo ya diski ngumu usiiruke: vipimo vyake, yaani silinda, vichwa na sekta, huwa vimeandikwa pale, na betri ya CMOS (inayotunza mipangilio mashine ikizimwa) ikifa mashine haivikumbuki tena.

Kebo_Bapa
Naunga mkono hoja. Skurubu za laptop zichomeke kwenye karatasi uliyochora umbo lake. Ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa kava.

Fundi_Lehemu
Mleta mada umenikumbusha betri ya pipa, na hakuna kibaya kuliko hiyo. Mazabodi (ubao mkuu) nyingi za PC za prosesa 386 na 486, pamoja na kompyuta ya Amiga 500 Plus, zina betri ya nikeli-kadimi ya 3.6 V iliyochomelewa kwenye ubao wenyewe. Mwanzo unaona unga kidogo kwenye miguu yake. Baadaye majimaji yake, ambayo ni alkali, yanapenya chini ya rangi ya ubao. Lehemu inafubaa, njia za shaba zinageuka nyeusi, na vitundu vinavyounganisha tabaka vinakatika kwa ndani huku juu pakionekana pazima. Kwenye PC nyingi betri iko jirani na soketi ya kibodi, kwa hiyo kibodi hugoma mapema.

Ikate kwa koleo, usiivute, maana itang'oka na njia zake. Sugua kwa mswaki na siki nyeupe mpaka povu liishe, suuza kwa maji yaliyokenekwa, malizia na pombe ya aisopropili ya asilimia 99, acha ikauke kabisa. Kisha multimita kwenye mlio (inalia njia ikiwa nzima), njia moja baada ya nyingine. Iliyokatika irukie kwa waya mwembamba. Soketi ya chipu iliyoguswa na majimaji ing'oe, uozo hujificha chini yake.

Dogo_Flopi
Mkuu, siki hiyo hiyo kwa Macintosh za zamani?

Fundi_Lehemu
Hapana. Zile hutumia lithiamu ya 3.6 V, nusu ya urefu wa AA, na ikipasuka inatoa asidi. Siki ni asidi pia. Hapo ni bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa majini, kisha suuza.

Plastiki_Safi
Na kava lililogeuka njano? Paka krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12, funika kwa nailoni, anika juani, geuza mara kwa mara. Linarudi rangi yake.

Hifadhi_Kwanza
Linarudi kwa muda tu. Njano hurejea hata ukilificha gizani, na krimu ikikauka sehemu moja unabaki na mabaka ya kudumu. Mashine ya kumbukumbu iachwe ilivyo, isafishwe vumbi basi.

Plastiki_Safi
Mkuu, anayeitazama anataka kuiona kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

Hifadhi_Kwanza
Basi piga picha zenye kadi ya rangi (ya kulinganishia rangi halisi) pembeni kabla hujaigusa. Hapo sitabishana nawe.

Saketi_77
Mnagombania rangi wakati pawasaplai inasubiri kuwaka moshi! Fungueni pawasaplai za BBC Micro na Apple II mtafute kapasita (vihifadhi chaji) za chapa ya RIFA, zile za karatasi zenye kava la njano linaloonyesha ndani. Kava hupata nyufa nyembamba kama za kauri kuukuu, unyevu unaingia kwenye karatasi. Unawasha, mashine inafanya kazi vizuri dakika kadhaa, kisha mlipuko, na moshi mzito unaojaza chumba na kunata kwenye kila kitu. Zing'oe hata kama ni nzima. Nyingi ni za 0.1 µF.

Dogo_Flopi
Naweza kuweka kapasita ya kawaida ya 400 V?

Saketi_77
Usithubutu. Iliyokaa kati ya nyaya mbili za umeme wa ukutani iwe ya daraja la usalama la X2. Ya kutoka waya kwenda ardhini iwe ya daraja la Y. Na subiri kabla ya kushika: kapasita kubwa ya upande wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya 300 V hata waya ukiwa umechomolewa.

Kebo_Bapa
Sasa RIFA zangu zote natoa leo.

Mtunza_Mitambo
Turudi kwenye data. Diski ngumu inayozunguka isitumike kuwashia mfumo wake; iunganishe kwenye mashine nyingine na uinakili yote kwa ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski zenye sehemu mbovu:

ddrescue -d -n /dev/sdX nakala.img nakala.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdX nakala.img nakala.map

Ya kwanza inachukua sehemu nzima haraka, ya pili inarudia mbovu mara tatu. Hakikisha herufi ya diski kwanza (ndiyo inayokaa mahali pa X), na faili la map usilifute. Ndilo linalokuwezesha kuendelea umeme ukikatika. Flopi ya 1.44 MB ikinakiliwa kamili kwenye PC inatoa baiti 1,474,560. Pungufu ya hapo rudia. Za Amiga na za Mac za 800K PC ya kawaida haizisomi, tumia Greaseweazle, kibao cha USB kinachounganishwa na kisomaji cha flopi.

Dogo_Flopi
Flopi ina ukungu, niisome hivyo hivyo?

Mtunza_Mitambo
Usiiingize. Ukungu unahamia kwenye kichwa cha kisomaji, na kichwa kichafu kinakwangua flopi inayofuata. Fungua ganda, futa diski kwa aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, ikaushe, iweke kwenye ganda safi, na safisha kichwa kila baada ya flopi moja.