Corolla ya kabureta inagonga mlimani, niweke petroli ya oktani kubwa?

Mwana_Kizota: Wakuu habari za mchana. Nina Corolla KE70, niliachiwa na mzee wangu, hapa mjini Dodoma inatembea vizuri tu ila juzi naenda Babati, kupandisha Bereko ikaanza kulia ka-ka-ka kama misumari ndani ya kopo, nikiachia mafuta kidogo inatulia. Kijana wa sheli kaniambia niweke ile ya bei ya juu, oktani kubwa ndo ina nguvu. Halafu video za Wamarekani wanasema 87 inatosha, huku naona namba za tisini na kitu. Hii gari siitaki ife, nisaidieni.

FundiNala: Mkuu pole. Oktani sio nguvu. Ni uvumilivu wa petroli kubanwa kwenye silinda ikiwa na joto bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, ikijiwakia ndo hiyo ka-ka-ka, na ukiiachia muda mrefu inatoboa pistoni. Namba zisikuchanganye, Marekani wanaandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, sisi tunaandika RON peke yake, kwahiyo 87 yao ni kama 91 au 92 ya huku. Ukiweka oktani kubwa kelele inaweza kupungua kweli lakini ugonjwa unabaki pale pale. Anza na timing, yaani muda plagi inapowasha moto, hiyo gari ina distribuuta inayogawa umeme kwenye plagi, mtu akiigeuza kidogo tu mbele moto unawahi na gari inagonga ikibeba mzigo. Kisha angalia rejeta kama inachemsha, masizi kwenye silinda, na jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitisha mafuta, kama zimeziba maana mafuta yakiwa machache mno kwa hewa inayoingia joto linapanda. Hewa ya huku juu ni nyepesi, Dodoma tuko kama mita 1,100 na Bereko ni juu zaidi, injini ilitakiwa isumbue kidogo kuliko ikiwa Dar, kwahiyo ikigonga huku ujue kuna kitu hakiko sawa.

Mama_Gairo: Naongezea, uliweka mafuta wapi? Mimi niliwahi kununua ya kidumu barabarani usiku nimekwama, yalichanganywa na mafuta ya taa, gari iligonga mpaka nikalia. Mafuta ya taa oktani yake iko chini sana.

mzee504: Na watu wasikutishe kuhusu risasi, ile madini iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli zamani. Petroli ya risasi huku kusini mwa Sahara iliachwa mwanzoni mwa 2006, tangu hapo gari yako inatembelea isiyo na risasi. Wenye kuangalia siti za valvu, pale valvu inapokaa ikifunga, ni wenye baadhi ya gari za zamani zilizotegemea risasi kuzilinda zisiliwe.

Mwana_Kizota: Asanteni sana wakuu. Nimepeleka leo, timing ilikuwa mbele mno, fundi aliyefunga platini za kwenye distribuuta mwezi uliopita hakuipima na taa ya timing. Imerudishwa, mafuta ni yale yale ya kawaida, Jumamosi naipandisha tena Bereko na familia.